Simu Imejaa Video, Fizikia Iko Wapi?

Hapa Kisangani swali hili nimeulizwa Makiso, nikaulizwa Kabondo, na mara ya mwisho nimeulizwa na mama muuza makayabo, aliyekuwa akihesabu noti zake huku akiniangalia kwa jicho moja. "Papa mwalimu, mutoto yangu anaangaliaka mambo ya siyansi mu telefone mpaka moto inaisha. Roketi anajua, volkano anajua. Juu ya nini fizikia inamushinda?"

Nilimwomba afanye jaribio dogo jioni ile. Mtoto akimaliza video, amwulize jambo moja tu: kilichotokea kimetokea kwa sababu gani? Nilijua jibu litakalokuja, maana ndilo ninalopata kwa wanafunzi wangu: "Ilikuwa kali sana!" Kali, ndiyo. Lakini sababu hana, kwa kuwa video haikumsubiri aitafute. Ilimpa swali na jibu ndani ya sekunde arobaini, ikampeleka kwenye video nyingine.

Sura hii inahusu filamu za kufundishia fizikia na sayansi ya kawaida. Kwa neno "filamu" nakusudia picha zozote zenye mwendo, za sinema, za televisheni au za simu, zilizotengenezwa au kuchaguliwa ili zisaidie somo. Nitakuambia zinafaa kwa kazi gani, zinaharibu wapi, na kwa nini filamu ambayo Kisangani inaihitaji kuliko zote bado hatujaipiga wenyewe.

Kazi ambayo jicho haliiwezi

Tuanze na filamu yenyewe ni kitu gani. Ni mnyororo wa picha zisizotembea. Kila picha moja katika mnyororo huo huitwa fremu. Sinema ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde, simu nyingi hupiga 30. Zinapita upesi kiasi kwamba ubongo unaziunga na kuona mwendo mmoja.

Ukishalijua hilo, umeijua siri yote ya filamu za sayansi. Ukipiga fremu nyingi kwa sekunde na kuzionyesha polepole, utaona tone la mvua likipasuka juu ya jani la mgomba. Ukipiga fremu moja kila saa na kuzionyesha haraka, mhindi utachipuka na kusimama mbele yako ndani ya dakika moja. Ongeza lenzi, utapata vilivyo vidogo mno. Mtume mtu na kamera, utapata vilivyo mbali mno.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haufiki hata dakika mbili. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi akiwa ameshika nyundo mkono mmoja na unyoya wa kozi mkono mwingine. Akaviachia kwa pamoja. Vikafika chini kwa pamoja.

Hapa kwetu hutaliona jambo hilo, kwa sababu hewa huuzuia unyoya. Mwezini hakuna hewa. Galileo wa Italia alishasema, zaidi ya miaka mia tatu kabla, kwamba bila kizuizi cha hewa vitu vizito na vyepesi huanguka sawasawa. Mwalimu wa Mangobo hawezi kuwapeleka watoto Mwezini, na mashine ya kunyonya hewa hana. Filamu hiyo inamfaa kwelikweli.

Lakini angalia inavyotumiwa. Mwalimu mmoja anabonyeza, watoto wanaona, wanapiga makofi, basi. Mwingine anaisimamisha pale mikono inapoinuliwa, kabla ya kuachia, na kuwaambia watoto waandike kwenye daftari: kipi kitatangulia, na kwa nini? Dakika tano za ubishi. Wa nyuma anaapa ni nyundo. Ndipo anabonyeza. Darasa la mwalimu huyu wa pili litaikumbuka sababu kwa kuwa limekosea mbele ya wenzake, na kosa la namna hiyo halisahauliki upesi.

Upande wa pili wa shilingi ni huu: kilicho karibu hakihitaji filamu. Nimewahi kukaa darasani nikionyeshwa video ya maji yakichemka, ilhali nyuma ya ukuta mama mpika chai alikuwa na sufuria linatoa mvuke. Hiyo ni aibu ndogo, lakini ni aibu.

*Kwa ufupi: filamu inafaa kwa kilicho cha haraka mno, cha polepole mno, kidogo mno, cha mbali au cha hatari. Kilichobaki kishikwe kwa mkono.*

Usambara mara mbili

Watu hudhani filamu za kufundishia zilikuja na intaneti. Katika nchi zetu za Kiswahili zilikuja kwa lori. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianzisha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 na kuzizungusha Afrika Mashariki na ya Kati. Zilihusu kilimo, safura, kodi, kuweka akiba posta. Wakubwa waliamua raia ajue nini. Raia hakuulizwa anataka kujua nini.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha kuwaibia. Filamu zao zilikuwa bubu, na sauti ilikuwa kwenye sahani za santuri, kando. Ukibadilisha sahani, umebadilisha lugha. Picha moja, sauti nyingi. Tutalirudia jambo hili.

Kwetu Kongo, mapadre wa Kibelgiji nao walipiga filamu zao. Zilizopendwa zilikuwa vichekesho vya Matamata na Pilipili, alivyovipiga Padre Van Haelst huko Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, lakini fizikia haikuwamo.

Siku hizo wazungu walipenda kusimulia kisa cha mbu. Ati walionyesha kijijini filamu ya malaria, mbu akajaa kitambaa kizima, na wanakijiji wakasema: kumbe kwenu mna shida, mbu wetu ni wadogo. Kisa kilisimuliwa ili kuonyesha kwamba Mwafrika haelewi picha. Mimi nakisoma vingine. Kama kweli kilitokea, wanakijiji walisema kitu sahihi kabisa: picha haikuwa na kipimo. Aliyekosea ni mpiga filamu. Ukikuza kitu, weka kando yake punje ya mchele au kidole cha mtu. Video nyingi za leo kwenye simu zina kosa lilelile, na hakuna anayezicheka.

Milima hiyohiyo ya Usambara ilitoa jambo jingine, bila filamu wala lori. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuweka maziwa yakiwa bado ya moto, na maziwa yake yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Mwalimu wake alimwambia amejichanganya. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lake mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne aliporudi alimwagiza fundi wake ajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, na leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote. Wanasayansi wangali wanabishana kama linatokea kila mara, na kwa sababu gani.

Kila nikifikiria filamu ya darasani namweka Mpemba kwenye kiti cha mbele. Je, filamu hii ingempa nafasi ya kunyosha mkono?

Sarafu juu ya toleka

Mwaka 1956, huko MIT nchini Marekani, Jerrold Zacharias aliwakusanya wanafizikia na walimu ili kuandika upya somo la fizikia la sekondari. Filamu zilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, na walitengeneza makumi. Mojawapo, ya mwaka 1960, inaitwa Frames of Reference, na ndani yake wamo maprofesa wawili wa Toronto, Hume na Ivey. Mwanzoni mmoja anaonekana kichwa chini, na mtazamaji hajui ni nani kati yao aliye sawa. Ndilo somo lenyewe: mwendo unausema ukiwa umesimama wapi?

Mahali hapo unapopimia mwendo huitwa fremu ya marejeo. (Neno fremu limerudi kwa maana nyingine, lisikuchanganye.) Hatuhitaji maprofesa wa Toronto kulielewa. Panda toleka, ile baiskeli ya abiria iliyoutambulisha mji huu kabla pikipiki hazijajaa. Dereva akienda kwa mwendo usiobadilika, rusha sarafu juu, wima. Itarudi mkononi mwako. Wewe umeiona ikipanda na kushuka tu. Muuza karanga aliye kando ya barabara ameiona ikichora upinde. Nani ameona kweli? Wote wawili.

Mpe mtu simu asimame kando ya barabara, na wewe shika nyingine ukiwa juu ya toleka. Video mbili za sarafu moja. Ziwekeni sambamba. Nimeona kijana aliyekuwa akisinzia katika somo la mwendo akinyanyuka kwenye benchi kwa ajili ya jambo hili.

Wagenia: maabara isiyo na paa

Kisangani imepigwa picha sana. John Huston alikuja na The African Queen, iliyotoka 1951, na sehemu yake ilipigwa kwenye mto Ruiki, njia ya Ubundu. Fred Zinnemann alimleta Audrey Hepburn Stanleyville, jina la zamani la Kisangani, kwa ajili ya The Nun's Story ya 1959. Na mtoto wa hapahapa, Dieudo Hamadi, alitoa mwaka 2014 filamu ya Examen d'État: vijana wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa kukosa pesa ya walimu, wanakodi nyumba na kusomea humo kwa pamoja, ndiyo "maquis" tunayoijua sote, wakiukabili mtihani wa taifa. Kila mwalimu wa nchi hii aitazame.

Lakini filamu ya kufundisha fizikia kwa mto wetu? Wageni wanakuja kwenye maporomoko ya Wagenia, wanapiga picha, wanaondoka, na mtoto wa Lubunga anaendelea kukariri sheria za maji kutoka kitabu chenye mchoro wa bomba la Ulaya.

Twende basi. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana kwa kiasi cha kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na mto unashuka kama mita 60 kwa jumla. La mwisho ndilo la Wagenia. Wavuvi wamesimamisha magogo juu ya miamba, yamefungwa kwa kamba za msituni, na miguu ya magogo imeingizwa katika matundu ambayo maji yenyewe yameyachimba. Kutoka hapo wananing'iniza migono, vikapu vikubwa vyenye umbo la faneli, mdomo ukiangalia maji yanakotoka.

Simama ukaangalie gogo moja moja. Utaona yameungwa matatu matatu. Kwa nini si manne? Nenda jikoni. Mafiga ni matatu. Meza ya miguu minne ikiwekwa kwenye sakafu mbovu inayumba, kwa sababu mguu mmoja unabaki hewani. Kitu chenye miguu mitatu hukaa sawa hata penye mawe. Kwenye mwamba usio na usawa wowote, hesabu hiyo ni uhai wa mvuvi.

Sasa maji. Pale juu, mto ukiwa mpana, gome la mti linaelea taratibu. Likiingia kati ya miamba linachomoka mbio. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mteremko. Ya pili ni wembamba: maji yaliyopita mahali papana kwa sekunde moja lazima yapite pia mahali pembamba kwa sekunde hiyohiyo, la sivyo yangerundikana. Njia ikiwa nyembamba na kina hakijaongezeka, dawa ni moja, kukimbia. Walimu wengi hutoa mfano wa watu wakitoka kanisani. Waache. Watu mlangoni hupunguza mwendo; wanaminyana na kusukumana. Maji hayabanwi namna hiyo, hivyo huongeza mwendo.

Na samaki? Maji yanapompiga yanamsukuma kwa kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta. Kani hiyo haiongezeki sawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, kani inazidi kama mara nne. Kasi mara tatu, kani karibu mara tisa. Samaki anayeogelea kwa raha pale juu, akisogezwa hatua chache anakuta mzigo ambao misuli yake haiuwezi. Anaingia ndani ya mgono, faneli inambana, hawezi kugeuka. Maji yanatoka kati ya fito, yeye anabaki. Mgono hauna mlango wala chambo. Mlango wake ni mkondo.

Filamu ya hayo yote ni dakika sita. Gome linaelea, simamisha. Gome linaingia penye wembamba, simamisha. Mvuvi anavuta mgono, simamisha.

Kuifanya simu iwe rula na saa

Hadi hapa tumekuwa watazamaji. Kuna hatua inayozidi zote, nayo ni mwanafunzi kupima kwa filamu yake mwenyewe.

Chora kwa chaki ukutani mistari kila sentimita 10, kutoka juu kwenda chini, urefu wa mita moja na robo. Weka simu umbali wa hatua nne, kwenye kiti, isitikisike, ikiangalia katikati ya mistari. Mtu mmoja aachie embe bichi kutoka mstari wa juu. Ukipiga fremu 30 kwa sekunde, kila fremu tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya VLC inasogeza fremu moja kila ukibonyeza herufi E. Soma embe liko wapi kila baada ya fremu tatu. Utapata karibu na hivi:

- baada ya fremu 3: sentimita 5
- baada ya fremu 6: sentimita 20
- baada ya fremu 9: sentimita 44
- baada ya fremu 12: sentimita 78
- baada ya fremu 15: sentimita 122

Gawanya kila namba kwa ile ya kwanza. Zinakuja karibu na 1, 4, 9, 16, 25. Muda mara mbili, umbali mara nne. Embe haliendi kwa kasi moja. Kasi yake inaongezeka kila sehemu ya sekunde, na ongezeko hilo kwa kila sekunde huitwa mchapuko. Kanuni ambayo watoto huikariri kama wimbo imetoka kwenye embe lao. Namba zenu zitapishana kidogo na hizi, maana embe kwenye fremu huonekana limefifia kingo. Msizirekebishe kwa siri. Andikeni mlichokiona, kisha bishaneni kwa nini kimepishana.

Lugha tatu na umeme wa zamu

Mtoto wa Kisangani anaongea Lingala na Kiswahili barabarani, anafundishwa fizikia kwa Kifaransa, na video anazozipata nyingi ni za Kiingereza. Hapo ndipo ile santuri ya Vugiri inaporudi. Zima sauti. Mwalimu aongee mwenyewe juu ya picha, kwa lugha ambayo darasa linabishania, kisha neno la Kifaransa liandikwe ubaoni kwa ajili ya Exetat, ule mtihani wa taifa. Kwa wadogo kuna katuni za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, zilizoanza kurushwa 2014 kwa Kiswahili. Hesabu na sayansi zimo ndani ya hadithi na nyimbo. Kiswahili chao si kama chetu, lakini watoto hawashindwi.

Umeme ni habari nyingine. Mji unategemea bwawa la mto Tshopo lililojengwa miaka ya 1950, na mtambo ukiharibika tunajua wenyewe. Hata giza hilo ni somo. Maji ya mapipa matano ya lita 200, yakianguka mita 10, yanabeba nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, ya juli 98,000. Hata bila kupoteza chochote njiani, hiyo ingewasha taa ya wati 10 kwa saa mbili na dakika 43 tu. Mwache mtoto ahesabu mapipa ya usiku mmoja wa nyumba yao, kisha ya mtaa mzima.

Kwa mwalimu asiye na projekta:

- Pakua video mapema, usiitegemee mega siku ya somo. Pitisheni kwa kadi ya memori.
- Simu moja inatosha watoto sita. Wengine wawe kwenye jaribio la mkono, kisha mbadilishane.
- Dakika tatu za filamu, dakika ishirini za maswali. Ukigeuza hesabu hii umefungua ukumbi wa sinema.
- Andika pahali pa kusimamisha kabla ya kuingia darasani.

Prefe, mkuu wa shule, akisema simu hazikubaliki shuleni, mweleze kuhusu embe. Ikibidi, liachie mbele yake.

Na mkienda Wagenia, nendeni asubuhi, na msikaribie ukingo kwa ajili ya picha nzuri. Kabla hamjawasha simu waoneni wazee wa pale, mwombe ruhusa na mkubaliane kuhusu malipo. Mahali ni pao. Kisha mwulizeni mvuvi kwa nini mgono ule ameuelekeza pale, wala si hatua mbili kushoto. Mwacheni aseme hadi amalize. Rekodini na sauti yake.